Viwanja Viwili na Jaji Mmoja

Fundi ana kibanda cha cherehani hapa Njiru, hatua chache kutoka Kangundo Road, kati ya muuza makaa na duka la M-Pesa. Anashona vitenge, anapunguza suruali za shule, na mwezi wa Desemba analala saa chache kwa sababu ya sare za kwaya. Ametoka Bukavu. Yuko mtaa huu tangu 2009, na mimi nimemjua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa zipu na uzi mweusi. Juzi nilikuwa napita tu, akaniita, akazima redio, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kule: "Mudogo, weye ulisoma mambo ya sheria. Niambie. Jaji alisema nikae huku muji, ao niende kambi?"

Nilimwambia nilisoma sheria miaka miwili tu, karo ikanishinda, nikarudi nyumbani. Akasema miwili ni mingi kuliko sifuri yake. Nikaahidi kumjibu kesho yake. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi: naingia kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu huwekwa bure kwa yeyote mwenye bando, nasoma mwisho, namwambia kaa au nenda. Zimepita wiki nne. Nimesoma hukumu nne, sheria mbili na kipande cha katiba, nyingi ya hizo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na ninachojua sasa ni kwamba jaji alimjibu Fundi mara mbili, na majibu hayafanani.

Nataka kuzisoma hukumu hizi hapa vile tunavyosoma riwaya na hadithi katika gazeti hili. Tumezoea kuzipokea kama matokeo ya mpira. Nani ameshinda, serikali au wakimbizi? Tunashangilia au tunakasirika, halafu tunasahau. Lakini hukumu ni maandishi. Ina mwandishi. Ina wahusika, na mwandishi ndiye anayeamua nani apewe jina na kazi na watoto, na nani aingie kama sehemu ya umati. Ukiisoma hivyo, unaanza kuona kwa nini hukumu nzuri inaweza kushindwa kumlinda mtu mwaka mmoja tu baada ya kuandikwa.

Tuanze na ya kwanza. Desemba 2012 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi na waomba hifadhi wote wanaoishi mijini waende kambini. Waliotoka Somalia waende Dadaab, wengine waende Kakuma. Uandikishaji wa wakimbizi mijini ukasimamishwa. Tangazo lilikuja baada ya miezi ya mashambulizi ya magruneti hapa Nairobi na kwingineko. Januari 2013 ikafuata barua ya ndani ya serikali: awamu ya kwanza italenga watu 18,000, na uwanja wa manispaa wa Thika utatumika kuwakusanya kabla ya safari. Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, pamoja na wakimbizi kadhaa, wakaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikaisimamisha amri kwa muda, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta.

Hukumu hiyo ni nzuri kuisoma. Sisemi nzuri kwa sababu Fundi alishinda, ingawa alishinda. Nasema nzuri kwa sababu ina watu ndani. Walioleta ombi walikuja na hati za kiapo, na katika hati hizo kulikuwa na maisha: mtu ana kazi yake mjini, ana miaka hapa, ana watoto shuleni, mwingine ana ugonjwa ambao dawa zake haziko kambini. Jaji aliwasoma. Kisha akaigeukia serikali na kuiuliza swali rahisi ambalo mama yangu angeuliza: hawa watu wanahusiana vipi na hayo magruneti? Nionyeshe. Serikali ilikuwa na tangazo na barua, haikuwa na jibu. Jaji akasema kutaja tu neno usalama hakutoshi. Ukitaka kumnyang'anya mtu haki yake, lazima uonyeshe kwamba kumwondoa yeye kunaondoa hatari. Akapata kwamba amri inavunja utu wao, uhuru wao wa kutembea, na haki yao ya kutendewa kwa utaratibu wa haki, na kwamba inahatarisha kanuni kuu ya sheria ya wakimbizi duniani, kwamba mtu harudishwi kule alikokimbia. Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 2017.

Uwanja wa Thika haukujaa watu. Waliendelea kuchezea mpira hapo.

Sasa ya pili. Tarehe 21 Septemba 2013, hata miezi miwili haijaisha tangu hukumu ile, watu 67 waliuawa Westgate. Machi 2014 kanisa lilishambuliwa Likoni. Siku tatu baada ya Likoni, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Joseph ole Lenku, akatoa amri nyingine: wakimbizi wote wa mijini warudi Dadaab na Kakuma. Aprili ikaanza Operesheni Usalama Watch. Polisi walimwagwa Eastleigh na mitaa mingine, maelfu wakakamatwa, na waliokamatwa wakapelekwa uwanja wa Kasarani, ambao ulitangazwa rasmi kuwa kituo cha polisi. Soma tena hapo. Uwanja wa michezo, kwa karatasi moja, ukawa kituo cha polisi.

Njiru ni wadi katika eneo bunge la Kasarani. Hilo ndilo jina tunaloandika kwenye fomu za basari. Mwaka 2014 nilikuwa darasa la nane, na kwetu Kasarani ilikuwa mahali pa Gor na Harambee Stars. Ghafla ikawa neno ambalo Fundi hataki kulisikia. Alifunga kibanda wiki tatu. Mathe alikuwa ananituma kwake usiku na ugali uliofunikwa, nabisha mara mbili halafu moja, kama mchezo. Usiku mmoja karao wawili walikuja mpaka kwenye ploti. Kerateka akawaambia hapa hakuna Mkongo, wakacheka, wakagonga mlango wa Fundi moja kwa moja. Alitoa mandeti yake, karatasi ya UNHCR inayosema yeye ni mkimbizi anayelindwa. Mmoja akaishika kwa taa ya simu, akasema hii ni karatasi tu. Waliondoka na elfu mbili. Fundi aliniambia baadaye kwamba wakati ule kulikuwa na hukumu ya mahakama inayomruhusu kukaa Nairobi. Hakuwa na nakala. Hata angekuwa nayo, ilikuwa ya Kiingereza, na kurasa zake ni nyingi kuliko uvumilivu wa karao saa nane usiku.

Kesi ya kupinga amri ya Lenku ikafika mahakamani. Ikaangukia kwa jaji yule yule. Tarehe 30 Juni 2014 Majanja akaitupa.

Nilipofika hapa nilirudi kwenye ukurasa wa kwanza kuhakikisha jina. Ni yeye. Katiba ile ile, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ile ile, amri karibu ile ile, na mkono ule ule ulioandika hukumu ya Thika. Mara hii jaji alikubali kwamba serikali imetoa sababu za usalama zinazotosha kuibana haki ya kutembea, na kwamba sheria inampa waziri mamlaka ya kutenga maeneo ya wakimbizi. Kambi zilikuwa zimetangazwa katika Gazeti Rasmi. Karatasi zilikuwa sawa.

Ni rahisi kusema jaji aliogopa. Mimi sisemi hivyo, na msomaji asinisome hivyo. Jaji Majanja alifariki Julai 2024, na wengi waliomlilia walimkumbuka kama mmoja wa watu walioipa katiba mpya uhai mahakamani. Ninachouliza ni swali la msomaji: ni nini kimebadilika ndani ya maandishi?

Kwanza, msimuliaji amebadilika. Mwaka 2013 hadithi ilisimuliwa na walioleta ombi, na serikali ilijaribu kuidakia katikati. Mwaka 2014 hadithi yenye nguvu ni ya mashambulizi. Nchi nzima ilikuwa imeiona kwenye televisheni kwa siku nne mfululizo. Hofu ikishakuwa msimuliaji, haihitaji mhusika mwenye jina. Inahitaji umati tu. Na "wakimbizi wa mijini" ni umati. Swali lile la mama yangu, huyu anahusiana vipi na lile, linageuka na kuwa swali jingine: je, ni jambo la busara kwa serikali kuwaweka watu kama hawa mahali pamoja? Ukiuliza hivyo, jibu karibu kila mara ni ndiyo.

Pili, na hili ndilo lililoniuma zaidi, udhaifu wa hukumu ya pili ulikuwa umelala ndani ya uzuri wa ile ya kwanza. Hukumu ya 2013 ililinda watu kwa sababu walikuwa na maisha ya kuonyesha: kazi, shule, dawa, miaka. Iliwapa wakimbizi sura. Lakini ukimlinda mtu kwa sababu ya sura yake, umemwacha nje yule ambaye hajaweza kuleta sura mahakamani. Msichana aliyefika jana na hana kazi. Mzee anayelala msikitini. Fundi mwenyewe, ambaye hajawahi kuandika hati ya kiapo maishani. Wale wa kwanza walilindwa kama watu wema walioonewa. Mlango ukabaki wazi kwa serikali kurudi na kusema: sawa, hao walikuwa wema, hawa je?

Na serikali ilirudi ikiwa imejifunza. Hili nimeliona mara nyingi kiasi kwamba sasa nadhani ni kanuni. Serikali ikishindwa mahakamani, haiachi nia yake. Inaisoma hukumu kama mwanafunzi anayesoma alama nyekundu za mwalimu, halafu inaandika insha upya. Mwaka 2013 ilianguka kwa sababu ilikuwa na tangazo na barua. Mwaka 2014 ikaja na Gazeti Rasmi na orodha ya sababu. Uingereza walifanya vivyo hivyo, tena kwa kutumia jirani yetu. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya kule ilisema kwa kauli moja kwamba mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda ni kinyume cha sheria, kwa sababu kuna hatari ya kweli kwamba watarudishwa walikokimbia. Aprili 2024 bunge lao likapitisha sheria inayosema Rwanda ni mahali salama. Mahakama ilitoa uamuzi juu ya ukweli. Bunge likauandika ukweli upya. Serikali mpya iliyoingia Julai mwaka ule iliutupa mpango wote, lakini njia imeshaonyeshwa.

Hapa kwetu njia ilipita pia bungeni. Desemba 2014 rais alitia sahihi sheria ya marekebisho ya usalama. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachosema wakimbizi na waomba hifadhi nchini wasizidi 150,000. Wakati huo walikuwa zaidi ya nusu milioni. Hesabu hiyo sihitaji kukufanyia. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na muungano wa upinzani, CORD, pamoja na wengine, wakakifuta kifungu hicho. Hoja yao ni fupi na ina nguvu: kuweka idadi ni kurudisha watu kwa njia nyingine. Ukishafika 150,000, yule anayefuata mpakani na risasi nyuma yake utamfanyia nini?

Napenda hukumu hiyo kwa kitu kimoja ambacho ile ya Thika haina. Haimuulizi anayefuata ana kazi gani. Mtu wa 150,001 hana jina, hana cheti, hana cherehani, hata hajafika. Lakini analindwa. Yeye ndiye mhusika mkuu wa hukumu ile, na hayumo ndani yake.

Kisha Dadaab. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba itaifunga kambi na kuvunja idara ya wakimbizi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikaenda mahakamani pamoja na wenzake. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo akaubatilisha uamuzi huo. Alisema wazi kwamba kuwalenga wakimbizi wa Somalia ni kutesa kundi zima, ni ubaguzi, ni kinyume cha katiba. Hapa hatimaye umati umepata mtetezi. Katika hukumu ya 2014 umati ulikuwa hatari. Katika ya Mativo umati ndio unaoonewa, na hauhitaji kutoa mtu mmoja mwenye cheti ili uaminike.

Lakini angalia walichoshinda. Walishinda haki ya kubaki kambini. Dadaab ilianzishwa mwaka 1991 kwa watu waliodhaniwa watarudi kwao baada ya muda mfupi. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule ni mtu mzima sasa, ana watoto, na ili aje Nairobi anahitaji ruhusa ya karatasi kama mwanafunzi wa bweni. Mahakama iliulizwa kama kambi ifungwe, ikasema isifungwe. Hakuna aliyeiuliza, katika kesi ile, kama lango lifunguliwe. Nimesoma watu wakiiita hukumu ile ushindi mkubwa kabisa wa haki za wakimbizi nchini, na sibishani nao. Nasema tu kwamba kuna kasoro mahali ambapo ushindi mkubwa kabisa ni kuendelea kukaa jangwani.

Nilipoanza kumweleza Fundi yote haya, tulikwama kwenye neno moja. Serikali, mwaka 2012 na 2014, haikusema itawafukuza wakimbizi mijini. Ilisema itawahamisha. Kiingereza cha ofisini kina neno lake laini la jambo hilo, na majaji wamelibeba kurasa hadi kurasa. Nilipolitafsiri, Fundi aliinua mkono. "Ngoja. Mutu anahama. Muzigo ndio unahamishwa." Nilinyamaza. Ni kweli. Mimi nimehama nyumba mara nne tangu niache chuo, kila mara kwa sababu ya kodi, na sikumbuki kuhamishwa. Kabati langu ndilo lilihamishwa. Katika hukumu zote nne hakuna jaji aliyeligusa neno hilo. Walipima kama kuhamishwa kunaruhusiwa. Hawakupima kama neno lenyewe limekwisha kumgeuza mtu kuwa shehena kabla kesi haijaanza.

Ndiyo maana nasema hukumu hizi zingeandikwa kwa Kiswahili, au angalau zingelazimika kusomwa kwa Kiswahili mbele ya wanaohusika, zingekuwa maandishi tofauti. Sisemi zingekuwa na matokeo tofauti. Hilo sina uhakika nalo. Lakini kuna vitu ambavyo huwezi kumwambia Fundi usoni kwa lugha anayoielewa bila kuona haya. Jaribu kumwambia mtu aliyeketi mbele yako, sindano mdomoni, kwamba uhuru wake wa kutembea umebanwa kwa kiasi kinachofaa.

Na katiba yetu yenyewe inajua tofauti ya maneno. Ibara ya 39 inasema kila mtu ana uhuru wa kutembea. Halafu inasema kila raia ana haki ya kuingia nchini, kubaki, na kuishi popote. Kila mtu, kisha kila raia. Walioandika walichagua. Katika mstari wa kwanza Fundi yumo, na cherehani yake, na mkewe anayeuza mandazi stejini, na hata yule msichana aliyefika jana. Hukumu ya kwanza ilikaribia kuanzia pale, ikapitia kwenye wasifu wa watu wema. Ya pili ilianzia kwenye ibara ya 24, ile ya kubana haki, na ukianzia pale, "kila mtu" anakuwa kitu cha kupunguza. Hilo ndilo ningewaomba majaji kama msomaji wao: waanze na neno lililoandikwa. Wasimwombe mkimbizi athibitishe kwanza kwamba ni mtu mwenye faida.

Mpaka hapa ningeweza kufunga makala, lakini swali la Fundi halikuwa la historia. Sababu ya kuniita ilikuwa hii. Novemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi Sheria mpya ya Wakimbizi, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Ina mazuri yake, yakiwemo ya kazi na hati. Bado inataka wakimbizi wakae kwenye maeneo yaliyotengwa. Halafu ina kifungu kinachosema mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuchagua kuuacha ukimbizi wake na kuishi hapa kama mwana jumuiya, kwa faida za mkataba wa jumuiya. Mwaka 2022 Kongo iliingia kwenye jumuiya. Fundi alisikia kanisani kwamba sasa anaweza kuacha kuitwa mkimbizi. Anaweza kukaa Nairobi bila kuulizwa habari za Kakuma. Anaweza, alisema, "kuwa mutu tu."

Unaona utamu wake. Miaka kumi na zaidi mahakama zimebishana kama mkimbizi anaweza kukaa mjini. Sheria inakuja na kusema: anaweza, akiacha kuwa mkimbizi. Bila kesi, bila uwanja, bila karao saa nane usiku. Mtu anaweka sahihi mwenyewe.

Lakini ukimbizi si tusi tu. Ni ulinzi pia. Ndio unaoizuia serikali kumrudisha mtu kule alikokimbia, na ndio uliosimama nyuma ya hukumu ya 2013, ya 2015 na ya 2017. Mwana jumuiya analindwa na mkataba wa biashara na kazi, na mikataba ya namna hiyo inategemea marais wanaelewanaje msimu huo. Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu. Dada yake Fundi alipiga simu mara moja, kisha simu ikakaa kimya siku nyingi. Kongo na Rwanda, wanaotazamana kwa bunduki pale mashariki, wote ni wanachama wa jumuiya ambayo Fundi anaambiwa aitegemee.

Basi nilimjibu, wiki nne baadaye, nikiwa nimeketi kwenye benchi la wateja. Nilimwambia jaji mmoja alisema ukae, na jaji huyo huyo akasema serikali inaweza kukupeleka. Nikamwambia hukumu ya kwanza iliungwa mkono na mahakama ya juu yake, kwa hiyo bado ina uzito, lakini serikali imekwisha jifunza kuizunguka. Nikamwambia kuhusu ile sahihi ya jumuiya: ukiiweka, unatoka chini ya mwavuli ambao majaji wamekuwa wakiushika, na sijui wa kuupata tena unafananaje. Alisikiliza bila kusimamisha cherehani.

Mwishowe akaniambia nimwandikie. Alitaka kitu kifupi, kwa Kiswahili, cha kuweka kwenye bahasha pamoja na mandeti, ili siku wakija tena asome mwenyewe au amsomeshe mtu. Nilichukua daftari lake la vipimo. Niliandika tarehe: 26 Julai 2013, Mahakama Kuu, Nairobi. Niliandika kwamba mahakama ilisema mkimbizi hawezi kuondolewa mjini kwa tangazo tu, na kwamba serikali lazima ionyeshe yeye ana hatari gani. Nikasimamisha kalamu. Ya pili niiandike au niiache? Nikiiacha, namdanganya. Nikiiandika, nampa karao kitu cha kuonyesha.

Fundi aliona nimekwama. Akaniuliza hiyo nyingine ni ya siku gani. Nikamwambia, 30 Juni 2014. Akafikiri kidogo, akasema hiyo asiiweke kwenye bahasha, wao wanayo tayari. Akachana ule ukurasa kwa mkasi, taratibu, akifuata mstari, akaukunja mara nne. Kuhusu sahihi ya jumuiya hajaamua. Anasema atangoja kwanza dada yake apige simu.